Fungate ya Kukodi

Siku hizi mwanamume akitaka kuoa hutafuta hoteli kwanza, mke akafuata. Sami, aliyemposa mjukuu wangu Khawla mwaka ule wa elfu mbili na tatu, hakuuliza kama maji ya kwetu Kikwajuni ni ya chumvi au matamu, wala hakuuliza babake Khawla anapenda kuzungumzishwa nini ili wapatane. Aliuliza hoteli. Tena si hoteli yoyote, alitaka hoteli ya butiki.

"Butiki?" nikamuuliza Khawla, naye kashika simu yake ya mkononi kama mtu aliyeshika kifaranga. "Butiki nnayoijua mie ni duka la nguo. Mtalala kabatini, baina ya magauni?"

"Bibi na wewe! Ni hoteli ndogo, nyumba ya kizamani, vyumba vichache, kila chumba na jina lake. Wageni wanazipenda."

"Kila chumba na jina lake. Kama mashua."

Akacheka, lakini kicheko cha kuniridhisha tu.

Huyo Sami kwao hasa ni Malindi, hapa hapa Unguja. Mamake, Bi Kawthar, alihamia naye Kariakoo, Dar es Salaam, angali mtoto wa kubebwa. Huko akasoma, akapata kazi kwenye ofisi ya kuuza kompyuta, akarudi kuposa. Sura anayo, sikatai. Na manukato anayo, yanafika kabla yake na yanabaki akishaondoka. Lakini alikuwa akisema "kisiwa chenu" kama mtu anayezungumzia mkahawa aliokula mara moja. Mpango wake ulikuwa hivi: Ijumaa baada ya ndoa gari litakuja kumchukua Khawla limpeleke hotelini Mji Mkongwe. Watalala Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu boti ya asubuhi, Dar. Hiyo ndiyo fungate, na yeye akiiita wikendi.

Kwetu sisi fungate ni siku saba, na anayeingia ni mume. Mke hachukuliwi. Anakaa chumbani kwao, kitanda kimetandikwa na wanawake wa nyumba, somo yake aliyemfunda yuko mlangoni. Mume anabisha hodi, anataniwa mpaka jasho limtoke, anatoa cha mkono, yaani fedha ya mlango, ndipo anafunguliwa. Siku saba hizo analishwa kama mgonjwa, huku akijifunza nyumba aliyooa: nani anakohoa alfajiri, nani hasemezwi kabla ya chai, ngazi gani mbovu. Mwanamke anayefuatwa na gari akapelekwa chumba cha kukodi tulikuwa na jina lake mtaani, wala si jina la kutajwa mbele ya watoto.

Na hayo yote Khawla anayajua. Mwalimu wa chekechea yule, anaingia darasani watoto wanalia na kuvutana nguo, akiwatazama tu wanakaa. Lakini simu ya Sami ikilia anakuwa kama uji. "Ndiyo, Sami. Kama unavyopenda, Sami." Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, naye alinambia mwenyewe tukichambua mchele.

"Nikimkatalia ataniona mshamba, Bibi. Rafiki zake wote wamefanya hivyo."

"Na wewe unataka nini?"

"Mie?" Akaokota punje nyeusi, akaitupa. "Mie namtaka Sami."

Ningeweza kukataa mie. Salem, babake Khawla, ni mtu wa kubeba mizigo bandarini, hana maneno mengi. Ningemwambia hapana, angesema hapana. Lakini hapana yangu ingemfaa nini Khawla? Angemeza ya Sami, akameza na yangu. Mwanamke akianza ndoa kwa kumeza, koo linazoea. Nilitaka neno litoke kinywani mwake mwenyewe, na kwa hilo nikawa tayari kungoja. Basi Sami aliposema twende tukamchagulie hoteli, yeye yuko na kazi, nilivaa buibui langu na viatu vya raba, tukaenda.

Ya kwanza ilikuwa Shangani. Ngazi zake kali kama za kukwelea mnazi, na juu kule tukapokewa na msichana aliyevaa kanga kiunoni na tai shingoni, sijui alikuwa anakwenda ofisini au jikoni. Akatufungulia chumba. Kitanda katikati. Pembeni ya kitanda, waziwazi, hodhi la kuogea, jeupe, lenye miguu ya simba. Nyuma ya kijiukuta kilichonifika kiunoni, choo.

"Mlango wa choo uko wapi, mwanangu?"

"Hakina mlango, bibi. Ndio mtindo."

"Mtindo wa nani?"

"Wageni wanapenda uwazi."

"Bi harusi siku ya kwanza hata chafya anaizuia mbele ya mumewe," nikamwambia. "Wewe unataka akae hapo wanatazamana?"

Khawla akanivuta buibui. Nikaenda kukiangalia hicho choo maana mie huangalia kitu mpaka mwisho. Hakuna kopo, hakuna bomba, hakuna hata kata. Karatasi tu, na ncha yake wameikunja pembetatu kama sambusa. Watu wazima, wamepanda ndege wakavuka bahari, kumbe hawajioshi. Nikatoka.

Ya pili, Hurumzi, ilikuwa na kiburi zaidi. Ukutani sebuleni wametundika mbuzi ya kukunia nazi na taa ndogo juu yake, inamulikwa kama picha ya marehemu. Kinu wamekijaza miavuli. Ungo, kawa, kata, pawa, vitu vyote ambavyo Sami angeviona jikoni kwangu asingevitazama mara mbili, hapo vimepangwa na mtu kashika kamera anavipiga picha. Kijana wa pale akatupandisha hadi chumba cha juu kabisa, ambacho alisema kinapendwa na maharusi. Mapazia mekundu, mito mingi isiyo na kazi, vioo.

"Hiki kinaitwa Suria," akasema kwa fahari.

Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hatanii.

"Suria unamjua ni nani?"

"Wanawake wa masultani, bibi."

"Mke wa sultani ni mke. Suria kanunuliwa. Huyu mjukuu wangu ana mahari, ana walii na ana mashahidi wawili. Kamwambie aliyekipa jina amlaze humo dadake."

Safari hii Khawla hakunivuta. Alicheka mpaka akashika ukuta ngazini, nami nikaona kuwa bado yumo ndani humo, yule Khawla wangu. Lakini simu ikalia. "Ndiyo, Sami. Tunaendelea kutafuta, Sami." Kicheko kikafa.

Ya tatu ilikuwa Kiponda, kwenye kichochoro, nyumba yenye mlango wa msumari na chokaa mpya. Mwenyewe ni bibi wa Kitaliani, mrefu, mkavu, kajifunga kikoi cha kiume na kifuani katundika tasbihi, akidhani ni ushanga. Kwa Kiswahili alijua "karibu" na "pole pole", na yote mawili akiyasema pasipo na sababu. Aliyetutembeza ni kijana wa mapokezi jina lake Mcha, mtu wa Makunduchi, mpole.

Nitakuwa mkweli. Choo kilikuwa na mlango, na mlango una komeo, na bomba la kujioshea lipo. Kitanda kilikuwa besera la haki, miguu ya kuchongwa, vioo vilivyotiwa rangi ubavuni. Chumba kinaitwa Asumini, jina lisilo na aibu. Dirisha linatazama paa za bati na misikiti. Khawla akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akapapasa ubao, akasema, "Hiki kizuri, Bibi."

"Na Wanu atalala wapi?" nikauliza. Wanu ndiye somo yake, rafiki yangu wa tangu usichana.

Mcha akamtafsiria Mtaliani. Yule bibi akauliza somo ni nani.

"Mwambie ndiye aliyemfunda bi harusi. Anakaa mlangoni, anamwangalia, anamletea maji ya moto, anamsikiliza kama ana shida."

Mcha akaeleza, maneno mengi, mikono nayo ikasema. Mtaliani akacheka kwa meno yote, akajibu.

"Anasemaje?"

Mcha akainamisha kichwa. "Anasema mlango una kufuli, Bi mkubwa."

Basi huyo ndiye mwenye nyumba. Umwombe mtu wa kukushika mkono, akupe kufuli.

Khawla akamwambia Sami wamepata, Sami akafurahi, akatuma fedha, mambo yakaenda. Khawla akawekwa ndani, akasingwa, akapakwa liwa, akawa haonekani na mtu. Mie nikangoja lile neno. Siku zikapita, neno halikuja. Nikaanza kukata tamaa, maana subira nayo ina mwisho wake, hata yangu.

Alhamisi, kesho yake ndoa, nilikwenda kutandika. Hoteli au si hoteli, kitanda cha mjukuu wangu hakitandikwi na mtu wa mshahara. Nilifunga kikapu: asumini, rihani, vikuba viwili vya maua nilivyovishona mwenyewe, shuka la kutarizi la mamake. Bi Kawthar, mamake Sami, alishafika na boti, akasema tufuatane. Mwanamke mnene, mcheshi, anapumua kwa sauti. Sami naye akaja kutuonyesha njia, kwenye mji niliozaliwa mie na aliozaliwa mamake.

"Mtaona, Mama," anasema, anatangulia. "Wamenambia chumba wameshakitayarisha kwa desturi za Kizanzibari kabisa."

"Desturi za Kizanzibari nnazo kikapuni," nikasema.

Tulipofika ngazini, Bi Kawthar akasimama. Nilidhani pumzi. Nami pua yangu ikapokea.

Asiyeijua karafuu maiti hajazika mtu. Ile nyeupe, baridi, inayopanda puani kama pini na kukaa nyuma ya macho. Tunaiponda, tunamtia maiti penye viungo vyake vya sujudu, tunainyunyiza kwenye sanda. Haina kazi nyingine nyumbani mwa mtu mwenye akili. Ikishatoka, hata watoto huacha kucheza.

Mcha akafungua mlango. Kitanda kile kizuri kimetandikwa shuka moja jeupe la pamba, halina pindo wala maua, limevutwa likanyooka. Marashi ya mawaridi yamenyunyizwa mpaka shuka limeingia madoa. Uvunguni chetezo, udi unatoa moshi. Na juu ya mito, kila mto na chake, kipande cha pamba kimelowekwa hiyo hiyo karafuu maiti. Palikosa mtu wa kulazwa tu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Bi Kawthar akasema, mkono mdomoni. Akaninong'oneza, "Nani?"

"Bado," nikamjibu.

Mtaliani kasimama pembeni, viganja kifuani, anangoja asifiwe. Akasema maneno mengi kwa Kiingereza, Sami akatutafsiria. Kwamba yeye mwenyewe alikwenda sokoni Darajani, akawaambia wamtolee manukato yote ya kale ya Zanzibar, akanusa moja moja, na hii ndiyo aliyoipenda kupita zote, kwa kuwa ni safi na inatuliza. Kila mgeni sasa anatiwa hii. Wanaisifu sana. Wanalala vizuri.

"Kulala watalala," nikasema.

Nikamgeukia Mcha. "Na wewe, mtoto wa Kiislamu, kwenu Makunduchi hamzikani?"

"Tunazikana, Bi mkubwa."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia ni ya maiti. Akasema ndivyo wageni wanavyopenda, vitu vyenye historia." Akajikuna shingo. "Mie nimeajiriwa kufungua mlango tu, Bi mkubwa."

Bi Kawthar alikuwa keshafika ngazi ya chini. Mwanamke aliyepanda kwa kuvutwa, kushuka alishuka kama msichana. Alikuwa anaita toka huko, "Sami! Sami! Toka humo, mwanangu, utaingia uchuro!"

Sami akawa mwekundu. Si kwa lile la kitandani, la, kwa mamake kupiga kelele mbele ya Mtaliani.

"Bibi, harufu tu hii," akanambia kwa sauti ya chini, ya mtu anayemnyamazisha mtoto. "Harufu haina dini. Yafungueni madirisha, kesho itakuwa imetoka. Msituletee ushamba mbele ya watu."

Mbele ya watu. Na watu wenyewe ni Mzungu mmoja aliyevaa tasbihi ya mwenziwe.

Nilishika kikapu changu, sikutoa hata ua moja.

"Bibi, hutandiki?"

"Kishatandikwa," nikasema, nikashuka.

Nyuma yangu Sami akatoa joho lake la harusi kwenye mfuko aliokuja nao, akalitundika kwenye kabati la mle chumbani lisije likakunjika, akafunga kabati, akatufuata. Mtu msomi.

Nilirudi kwa miguu. Sikupita popote, sikubadilisha buibui. Khawla alikuwa chumbani kwake, kakaa mkekani, kaegemea mto, miguu na mikono imenyooshwa na hina mbichi hadi vifundoni, uso wa njano kwa liwa. Wanu anampepea. Nilisimama mlangoni tu. Upepo wa pepeo ukaja kwangu ukarudi kwake, nikaona pua yake inatafuta.

"Bibi, umetoka msibani?"

"Hapana."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Natoka chumbani kwako."

Wanu akaacha kupepea. Nikaeleza, sikuongeza wala sikupunguza: shuka, marashi, chetezo, pamba juu ya mito. Khawla alikuwa ananitazama na ile liwa usoni, hata macho hayapepesi.

Badriya, binti yangu, mamake Khawla, tulimzika miaka miwili kabla ya harusi hii. Aliyemimina maji alikuwa Khawla. Walimwambia akae nje, yeye mdogo, akakataa. Na karafuu maiti aliiponda yeye, peke yake, kwenye kinu kidogo cha iliki, hakutaka kusaidiwa, na kile kinu hatukukitumia tena. Sami anajua. Alikuja matangani na mamake, hapo ndipo alipomwona Khawla mara ya kwanza.

"Sami alisemaje?" akauliza.

"Alisema harufu haina dini. Alisema nisilete ushamba."

"Wewe? Alikwambia wewe?"

"Mie. Na mamake."

Kisha akasema, "Wanu, nipe simu."

"Una hina, mwanangu."

"Basi nishikie."

Wanu akampigia, akamshikia sikioni, yeye mikono yake kaitanua pembeni kama anayevuka mtaro. Mie nilisikia upande wetu tu.

"Sami. Ile harufu uliisikia? ... Sikuulizi kama itatoka. Nakuuliza, unaijua ni ya nini? ... Unaijua. Basi kama unaijua, bibi yangu ulimwita mshamba kwa nini? ... Ndiyo ulimwita. ... Sami, ngoja, sijamaliza."

Wanu akanitazama. Mie nikatazama dari.

"Sijakasirika. Nakwambia kesho usilete gari. Utaingia kwetu, kama babako alivyoingia kwa mamako. ... Wakikucheka watakucheka, watu huchekwa. ... Likija gari litarudi tupu. ... Haya. Na wewe pia."

Wanu akaiondoa simu sikioni. Khawla akabaki vile vile mikono hewani, halafu akakunja ngumi mpaka hina ya kiganja cha kushoto ikaharibika.

"Bibi, asipokuja?"

"Asipokuja tumemjua kabla hajakupandisha boti."

"Nilie hapa?"

"Lia, lakini inua uso, liwa itachuruzika."

Ijumaa ndoa ilifungwa baada ya Alasiri msikitini kwetu. Salem akarudi akatuambia Sami kaitikia vizuri, sauti imetoka, kila mtu kasikia. Basi ni mke wa mtu sasa, na mtu ana haki ya kusema njoo. Nyumba imejaa wanawake, vigelegele, udi wa harusi, watoto wanakimbizana na halua. Khawla kakaa kitandani kwake, kavikwa, kafunikwa mtandio wa kijani.

Gari likaja. Jeupe, limefungwa utepe, na ndani yake dereva peke yake.

"Nimetumwa kumchukua bi harusi," akasema.

Wanu akasimama mlangoni, akajaza mlango. "Kamwambie aliyekutuma, mke si kifurushi cha posta."

Dereva akacheka, akaona hakuna anayecheka, akaondoka. Vigelegele vikapungua. Ndipo zikaanza zile sauti za pembeni, za wanawake ambao kazi yao kwenye harusi ni kula na kuogopa. Mpelekeni tu, keshakuwa mume. Atakasirika. Atamwacha mlangoni, itakuwa fedheha ya mji. Mmoja, mwanamke mzima, mjukuu anaye, akasema kwani hoteli ina ubaya gani, ina maji ya moto. Nikamtazama mpaka akachukua kaimati nyingine.

Wakamwendea Bi Kawthar, akamwite mwanawe. Alikuwa kakaa kwenye zulia, sahani pajani.

"Siendi," akasema. "Nikimwita mie atakuja kama mtoto. Naaje kama mume, au asije." Akapumua. "Babake aliingia kwetu Malindi katota mvua, kasimama barazani dada zangu wanamtania mpaka kilemba kikafunguka. Hakufa. Huyu mambo yake kayatoa kwenye televisheni."

Nikaingia kwa Khawla. Chini ya mtandio nilisikia pumzi tu.

"Nikufunulie upate hewa?"

"Hapana. Gari limerudi tupu?"

"Tupu."

"Bibi, nafsi yangu inataka kutoka ikalikimbilie."

"Nafsi ndivyo ilivyo. Wewe kaa."

Akakaa. Jua likaanza kuingia chini ya mlango wa uani, watu wanaangalia saa zao kwa kujificha. Mie sikuangalia. Nimeshangoja mengi.

Kabla ya adhana ya Magharibi wakapiga kelele watoto barabarani. Sami anakuja. Gari aliliacha kwenye njia kubwa, anakuja kwa miguu na wanaume wawili wa kwao, kilemba kimekaa upande, joho jeusi lenye uzi wa dhahabu. Uso umemvimba kwa hasira au aibu, sikumchunguza. Wanawake wakapanga mstari ukumbini, vigelegele vikapaa, akaingia.

Na vigelegele vikakatika.

Ile harufu iliingia pamoja naye. Joho hakulivaa msikitini, limelala usiku kucha na mchana kutwa kwenye kabati la Mtaliani, limeinywa yote. Wanawake wakaweka buibui puani. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, huyu keshakufa?"

Wallahi nilimtazama Sami akijinusa. Aliinua mkono wa joho, akanusa, na nadhani ndiyo mara ya kwanza ile harufu ilimfika. Akawatazama watu wote wale waliomzibia pua, nyumba nzima, wazee na watoto, hakuna hata mmoja wa kumtafsiria.

"Vua," Wanu akamwambia. "Vua uliache nje. Chumbani kwa mwanangu huingii na sanda."

Akavua. Kilemba nacho akavua. Akabaki na kanzu, kama mtu anayekwenda sala ya alfajiri, na bila ya lile joho nikaona kumbe mabega yenyewe membamba. Akasogea mlango wa chumba, akabisha.

"Nani?" Wanu akauliza, naye kasimama pale pale.

"Mimi Sami."

"Sami yupi? Wa hoteli?"

Ukumbi mzima ukacheka, Bi Kawthar kupita wote. Sami akafuta jasho. Mkono ukaingia mfukoni kutoa cha mkono, lakini kabla Wanu hajapokea, sauti ikatoka ndani, ya Khawla, haikupanda wala haikutetemeka.

"Bibi yangu yupo hapo?"

Sami akanitafuta kwa macho. "Yupo."

"Anza naye."

Sami aligeuka. Nilidhani atasema kwa Kiingereza au atasema na ukuta, maana watu wa aina yake ndivyo wanavyoomba radhi. Lakini alinitazama.

"Bibi, jana nilikuvunjia heshima. Na Mama pia. Niwie radhi."

Ingekuwa mie, ningemwacha hapo mpaka Isha. Radhi ya mtu aliyebanwa na wanawake thelathini haina uzito, na kijana huyu nilikuwa sijamaliza kumdharau, wala sikuwa na haraka ya kumaliza. Lakini mlango haukuwa wangu.

"Nimekuwia," nikasema.

"Mfungulieni," Khawla akasema toka ndani.

Wanu akapokea cha mkono, akafungua. Chumba cha kwetu kidogo, kitanda kimejaza nusu yake, asumini juu ya shuka la Badriya, kabati ukutani, feni moja mezani yenye shingo mbovu inayotazama upande mmoja tu. Sami akasimama kizingitini, akakizungusha macho kama anayekagua.

"Hakuna kiyoyozi?" akauliza. Mdomo ulimtangulia, maskini.

"Kuna dirisha," Khawla akamwambia. "Lifungue."

Akaenda akalifungua. Nikawafungia mlango.